Waliokaa Mbele ya Mashine: hotuba kuhusu taipureta na wapiga taipu

Hotuba hii ilitolewa mbele ya mkutano wa wahazili na watunza kumbukumbu. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya waliokosa nafasi ya kuja. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Ndugu wahazili, ndugu watunza kumbukumbu, wageni wetu, nawasalimu nyote.

Historia ya taipureta imezoeleka kusimuliwa kwa majina ya wavumbuzi. Fulani alichora, fulani akapata hataza, fulani akajenga kiwanda. Leo nina swali jingine. Nani aliyejua kama mashine inafaa? Si aliyeichora. Si aliyeiuza. Aliyejua ni yule aliyeketi mbele yake kutwa, akaona herufi gani inakwama na chemchemi ipi imelegea. Huyo ndiye aliyeimaliza mashine, na huyo ndiye tunayemsahau.

Tuanzie Italia, mwanzoni mwa karne ya 19. Pellegrino Turri alimtengenezea mashine ya kuandikia Carolina Fantoni da Fivizzano, mwanamke wa ukoo wa kikabaila aliyekuwa haoni. Asiyeona wakati ule aliandikaje barua ya siri? Ilimbidi amwambie mtu mwingine aandike, na siri ikaishia hapo. Mashine yenyewe imepotea, lakini barua ambazo Carolina aliandika nayo kuanzia mwaka 1808 zimehifadhiwa. Wino wake ulitoka kwenye karatasi ya kaboni. Kaboni tuliyoijua kwa kazi ya kutolea nakala, hapa ndiyo iliyokuwa wino wa barua yenyewe. Uingereza nako Ralph Wedgwood alikuwa amepata hataza ya karatasi ya namna hiyo mwaka 1806.

Denmark, mchungaji Rasmus Malling-Hansen alikuwa mkuu wa shule ya viziwi jijini Copenhagen. Mashine yake, iliyopata hataza mwaka 1870, ilikuwa nusu tufe la shaba lililojaa vibonye. Kabla ya kupanga herufi alichunguza vidole: kipi chepesi, kipi kizito. Akaweka vokali mkono wa kushoto na konsonanti mkono wa kulia, na herufi zinazotumika sana chini ya vidole vyenye kasi. Huyu mchungaji namheshimu sana, kwa sababu alianza na mkono wa mtu ndipo akaja kwenye chuma.

Sasa twendeni Milwaukee, Marekani, maana taipureta iliyoenea duniani ilitoka huko. Christopher Latham Sholes, Carlos Glidden na Samuel Soule walipata hataza tarehe 23 Juni 1868. James Densmore, aliyekuja na fedha, alinunua robo ya haki ya mashine kwa kulipa madeni yao ya dola 600, na alinunua kabla hajaiona. Alipoiona akasema haifai. Akafanya jambo la maana kuliko fedha alizotoa: akaipeleka kwa watu ambao kazi yao ni kuandika.

Mmoja wao alikuwa James Clephane, mwandishi wa hati mkato mahakamani, Washington. Clephane aliipiga mashine jinsi kazi ya mahakama inavyotaka, bila huruma, hadi ikavunjika. Akarudisha vipande pamoja na orodha ya lawama. Ikaja nyingine, akaivunja nayo. Ikaja nyingine. Sholes alichoka na lawama, akakaribia kukata tamaa. Densmore akamshikilia: heri kasoro zionekane sasa kabla ya kiwanda kuanza. Kwa miaka kadhaa walitengeneza mashine moja baada ya nyingine, na kila moja ilijibu lawama za iliyoitangulia. Clephane hakukomea hapo. Baadaye ndiye aliyemsukuma Ottmar Mergenthaler katika kazi iliyozaa Linotype, mashine iliyobadilisha uchapaji wa magazeti. Mlalamikaji mmoja, mashine mbili kubwa.

Machi 1873 mkataba ulitiwa saini na E. Remington and Sons wa Ilion, New York, kampuni ya bunduki na cherehani. Mashine ikaingia sokoni mwaka 1874 kwa dola 125. Ilipakwa maua kama cherehani, na baadhi zilikaa juu ya meza ya cherehani zikiwa na pedali ya kurudishia kigari, ile sehemu inayobeba karatasi. Iliandika herufi kubwa peke yake. Je, nani angempelekea mteja wake barua yote ikiwa kwa herufi kubwa? Walionunua walikuwa wachache. Ilipofika mwaka 1878 ndipo Remington No. 2 ikaja na shifti: kila mkono wa chuma ukabeba herufi mbili, kubwa na ndogo, na biashara ikaanza kupumua.

Kwa vijana ambao hawajawahi kuigusa, nieleze kidogo kinachotokea kidole kinaposhuka, kwa mashine za baadaye zilizozoeleka maofisini. Kibonye kinavuta wenzo, wenzo unarusha mkono wa herufi. Kabla mkono haujafika kwenye karatasi, utepe wa wino unanyanyuliwa ukae katikati. Herufi inagonga utepe, utepe unagonga karatasi, nyuma ya karatasi ipo rola ya mpira. Papo hapo gurudumu la meno linaachia jino moja, na chemchemi iliyo ndani ya pipa dogo inakivuta kigari hatua moja kwenda kushoto. Kwa maandishi ya paika, hatua hiyo ni sehemu ya 10 ya inchi. Kwa eliti, sehemu ya 12. Mistari ni 6 kwa inchi. Kengele inalia zikiwa zimebaki nafasi chache kabla ya pambizo, na mpiga taipu anaamua kwa kufumba na kufumbua: neno hili litaingia, au nilikate?

Sasa mikono miwili iliyo jirani ikirushwa karibu pamoja, inakutana njiani na kunasa. Hapo ndipo ilipozaliwa ile hadithi kwamba herufi za QWERTY, yaani mpangilio wa vibonye unaoanza na Q, W, E, R, T na Y, zilipangwa makusudi ili kumchelewesha mpiga taipu. Mmeisikia mara ngapi? Mimi siikubali. Mpangilio huo ulikuwa umekaribia kukamilika mwaka 1873, wakati ambapo wapiga taipu wenye kasi ya kuogopwa hawakuwapo bado. Na kama shabaha ilikuwa kutenganisha herufi zinazofuatana, mbona E na R zimekaa bega kwa bega, na kwa Kiingereza zinafuatana kila mara? Wapo watafiti wanaosema waliotumia mashine za majaribio kuandika ujumbe wa telegrafu, yaani simu ya maandishi, ndio walioathiri mpangilio. Mjadala haujafungwa. Ila neno "kuchelewesha" tuliache.

Mashine hizo za kwanza zilikuwa na dhambi nyingine, kubwa zaidi. Mikono yake ilipiga kutoka chini, ikagonga upande wa chini wa rola. Mpiga taipu hakuona alichoandika! Ilibidi ainue kigari achungulie, au asubiri mistari mitatu minne ipande ndipo kosa lijitokeze, na kusahihisha kosa lililopita mistari minne ni kazi. Watu waliishi hivyo kwa takriban miaka 20. Franz Xaver Wagner ndiye aliyeunda mfumo imara wa mikono inayolala mbele na kupiga usoni pa rola, hataza ya mwaka 1893. John T. Underwood akaununua. Underwood No. 5, ya mwaka 1900, ndiyo iliyokuwa mama wa taipureta zote mlizowahi kuziona ofisini: utepe juu, mikono mbele, maandishi mbele ya macho.

Je, kutoona kulikuwa hasara tupu? Hapa pana kisa cha Cincinnati.

Wakati ule wengi walipiga taipu kwa vidole viwili au vinne, macho yakiwinda herufi. Elizabeth Longley, mwalimu wa Cincinnati, alikuwa ametoa masomo mwaka 1882 akihimiza vidole vyote. Wenzake wakambeza: kidole cha mwisho, kidogo vile, kitapiga nini? Huko Salt Lake City, mwandishi wa mahakama aliyeitwa Frank McGurrin alikuwa amejifundisha mwenyewe kupiga kwa vidole vyote bila kutazama vibonye. Tarehe 25 Julai 1888 alishindanishwa na Louis Traub, mwalimu hodari aliyetumia Caligraph. Caligraph haikuwa na shifti. Ilikuwa na kibonye cha kila herufi ndogo na kibonye kingine cha kila herufi kubwa. Zilikuwa dakika 45 za kuandika kwa imla na 45 za kunakili. Kwenye imla Traub alijitahidi. Kwenye kunakili akaachwa. Kwa nini? Kwa sababu kila mara macho yake yalitoka kwenye karatasi, yakaenda kwenye vibonye, yakarudi kutafuta mstari. McGurrin macho yake hayakuhama. Hayo ndiyo yote. Ushindi ukaandikwa magazetini, na shule zikaanza kufundisha vidole kumi.

Nasisitiza kwa walimu waliopo: kasi haitoki kwenye vidole kukimbia. Kasi inatoka kwenye mapigo yaliyo sawasawa na macho yasiyohama. Mwaka 1923 Albert Tangora alipiga maneno 147 kwa dakika kwa muda wa saa nzima, kwa mashine isiyo na umeme. Neno moja la mashindano ni mapigo 5, nafasi ikihesabiwa. Fanyeni hesabu wenyewe: ni mapigo zaidi ya 12 kila sekunde, saa nzima.

Ndugu zangu, ni nani walioketi kwenye viti hivyo? Ukarani wa kale, wa kalamu na daftari, ulikuwa wa wanaume. Taipureta ilikuwa kazi mpya, haikuwa na mwenyewe. Mwaka 1881 chama cha wanawake Wakristo cha YWCA, New York, kilifungua darasa la kupiga taipu kwa wasichana, na wapo waliosema miili yao haitahimili. Wakahimili. Marekani, wanawake walikuwa takriban asilimia 40 ya wapiga taipu na waandishi wa hati mkato mwaka 1880, zaidi ya asilimia 75 mwaka 1900, na zaidi ya 95 mwaka 1930.

Mlango ulifunguka, ndiyo. Lakini ulifunguka nusu. Waajiri waliwapenda kwa ustadi wao, na waliwapenda pia kwa sababu waliwalipa kidogo kuliko wanaume. Karani mwanaume alianza chini akitazamia kupanda. Mpiga taipu aliwekwa kwenye chumba cha safu za meza, msimamizi mbele, na ngazi ikaishia humo chumbani. Katika utumishi wa serikali Uingereza, mwanamke akiolewa alipaswa kuacha kazi, na sharti hilo liliondolewa mwaka 1946 tu. Fikirieni: mtu amejifunza hati mkato ya Pitman, anapiga maneno 60 kwa dakika bila kosa, anajua faili zote za idara, kisha siku ya harusi yake ofisi inampoteza. Hasara hiyo ilikuwa ya nani?

Tena kazi hiyo huitwa ya kurudufu maneno ya wengine, kana kwamba haikuhitaji akili. Nichukue kazi tatu ndogo tuone.

Kuweka kichwa cha habari katikati. Karatasi ya A4 ina upana wa nafasi 82 za paika. Katikati ni 41. Kichwa kina herufi na nafasi 24. Nusu yake ni 12. Unarudi nyuma kutoka 41 mara 12, unaanzia 29. Jedwali la safu sita ni hesabu hiyo hiyo, ila sasa unahesabu neno refu kuliko yote katika kila safu, unajumlisha, unatoa kwenye upana, unagawa kilichobaki kwa mianya, ndipo unapopanga tabo. Ukikosea hesabu, utagundua kwenye safu ya sita, na karatasi imeharibika.

Nakala za kaboni. Unapanga karatasi, kaboni, karatasi, kaboni, upande wenye wino ukitazama nakala itakayoandikwa. Unagonga kingo mezani zilingane. Unapoingiza nyuma ya rola, upande unaong'aa unakutazama wewe. Ukigeuza, nakala itatoka nyuma ya barua halisi, kinyumenyume. Karatasi zikishashikwa, unaachia kishikio mara moja ili tabaka zitulie, la sivyo kaboni inakunjamana na kuchora mti wenye matawi kwenye kila nakala. Kwa karatasi nyembamba na mkono wenye nguvu, nakala tano au sita zinasomeka. Na kosa likitokea? Unasukuma kigari hadi mwisho wa upande, ili vumbi la kifutio lisidondoke kwenye mikono ya herufi. Unaweka kipande cha kadi nyuma ya barua ya juu, kati yake na kaboni, unafuta; unahamia nakala ya kwanza, kadi, unafuta; ya pili, kadi, unafuta. Kisha unatoa kadi zote kabla ya kupiga herufi sahihi. Ukisahau kadi moja, nakala hiyo inabaki na pengo, na pengo hilo lilikuja kugundulika miezi baadaye, kwenye faili, likiwa badala ya tarakimu ya mkataba.

Stensili, karatasi ya nta ya kutolea nakala nyingi. Utepe unazimwa, maana herufi yenyewe ndiyo inayokata. Kwanza unasafisha herufi kwa brashi ngumu. A, e na o zikiwa zimeziba wino, hazikati. Nukta na koma unazipiga kwa ulaini kwa sababu zinatoboa. Herufi o ukiipiga kwa hasira, kiini chake kinadondoka chote, na kwenye nakala mia tatu linatoka doa jeusi. Kosa linapakwa dawa ya stensili, linasubiriwa likauke kabisa, kisha linapigwa tena kidogo tu.

Niambieni, hiyo ni kazi isiyo na akili?

Suala la kosa linatuleta Dallas, Texas. Mashine za umeme zilipoenea baada ya Vita Kuu ya Pili, zilikuja na utepe wa kaboni ulioandika weusi mzuri sana. Ila ukifuta, kaboni ilisambaa ikachafua ukurasa. Bette Nesmith, mhazili aliyekuwa akimlea mwanawe peke yake, aliliona tatizo hilo kila siku. Akawaona wachoraji wakipamba madirisha ya benki: wakikosea hawafuti, wanapaka juu. Mwaka 1951 akachanganya rangi nyeupe ya maji, akaiweka kwenye kichupa, akaenda nayo kazini na brashi nyembamba. Wenzake wakaomba yao. Kufikia mwaka 1956 alikuwa akiiuza, na mwanawe pamoja na rafiki zake wakijaza vichupa nyumbani. Akafukuzwa kazi, inasimuliwa, kwa kuandika jina la biashara yake kwenye barua ya mwajiri. Mwaka 1979 aliiuza kampuni yake, Liquid Paper, kwa Gillette kwa dola milioni 47.5. Mainjinia wa mashine za umeme walikuwepo. Wakemia walikuwepo. Dawa ya kosa aliitengeneza mpiga taipu.

Na viwanda vikajifunza polepole. Tarehe 31 Julai 1961 IBM ilitoa Selectric: mikono ya herufi imeondolewa, mahali pake pakawa na kitufe cha duara chenye herufi 88 kinachozunguka na kuinama. Kigari kimetulia, kinachotembea ni kitufe. Hakuna mikono, hakuna kunasa, na unaweza kubadili aina ya maandishi kwa kubadili kitufe. Mwaka 1973 ikaongezewa utepe wa kunyofoa kosa. Lakini mageuzi yaliyoua taipureta yalikuwa yamepita mlango mwingine tangu mwaka 1964, IBM ilipounganisha Selectric na utepe wa sumaku, kosa likarekebishwa kabla ya karatasi kuandikwa. Kutoka hapo hadi kompyuta ya mezani ni njia moja iliyonyooka. Kampuni ya Godrej ya Mumbai, India, iliacha kutengeneza taipureta za ofisini mwaka 2009.

Kwa wenzangu wenye mashine za zamani makabatini, maneno mawili. Kigari kikigoma kutembea, tazama kwanza uzi unaokivuta umekatika au umechomoka kwenye ndoano. Mara nyingi ni hilo tu. Mikono ikirudi polepole, usiipake mafuta! Mafuta yanakamata vumbi na baada ya mwezi yanakuwa gundi. Safisha mianya ya mikono kwa spiriti na brashi, iache ikauke, rudia.

La mwisho ni ombi kwa watunza kumbukumbu. Chukueni barua ya zamani ya ofisi, mtazame chini, upande wa kushoto. Mara nyingi mtakuta herufi mbili tatu kubwa, mkwaju, kisha herufi mbili ndogo. Zile kubwa ni za aliyesema barua. Zile ndogo ni za aliyeipiga. Katika orodha zetu tunaandika jina la mtia saini, tarehe na mada. Zile herufi ndogo tunaziacha. Naomba tuongeze safu moja kwenye fomu ya kuorodhesha, tuziandike kama zilivyo. Ofisi nyingi bado zina madaftari ya watumishi, na kwa tarehe na herufi mbili inawezekana kumpata mtu: alianza lini, alihamia idara gani, aliandika barua zipi. Fomu ya majaribio ipo mezani pale mlangoni, chukueni nakala. Sasa nakaribisha maswali.